Vigae vya saruji na katani: namna ya kuvifyatua na kuvipaua Kigoma

Kigae kinachoelezwa hapa ni bamba jembamba lenye wimbi: urefu sentimita 50, upana 25, unene milimita 8. Kikishapangwa kinafunika sentimita 40 kwa 20 tu, kwa kuwa kingine kinakilalia kwa juu na kingine kwa ubavu. Ndiyo maana mita moja ya mraba inakula vigae 12 na nusu. Kimoja kina uzito wa kilo 2.3 hivi. Hakipigi makelele mvua ya ziwani ikishuka, hakigeuzi chumba kuwa tanuri saa nane mchana, na kikipasuka unabadilisha hicho kimoja na paa lingine linabaki lilivyo.

Kabla ya kushika chepe, elewa jambo moja, maana ndilo lililowaangusha wengi walioanza kazi hii nchi mbalimbali miaka ya 1970 na 1980: katani si nondo. Saruji ina ukali wa magadi, kipimo cha pH hupita 12, na ukali huo unakula gundi ya asili inayoshikanisha uzi wa mkonge. Baada ya miaka michache uzi bado unauona ukivunja kigae, lakini ukiuvuta unakatika kama jani kavu. Wale waliotengeneza mabamba makubwa kama bati, wakitegemea nyuzi ziyabebe, waliona nyufa. Kigae kidogo kinadumu kwa sababu hakitegemei uzi kubeba mzigo. Kinabebwa na saruji iliyoiva vizuri na papi, yaani mbao nyembamba kinazolalia, zilizonyooka. Kazi ya katani ni ya siku ya kwanza: kuushika mchanganyiko usichanike unapovutwa juu ya wimbi la kalibu, lile umbo linalokipa kigae sura yake, na usipasuke maji yanapoanza kukauka. Siku hiyo moja, hata hivyo, bila katani utatupa vigae vingi kuliko utakavyobaki navyo.

Hesabu ya vifaa

Tuchukue paa la mita za mraba 80, likipimwa kwa mteremko wake, si kwa sakafu. Linahitaji vigae 1,000. Ongeza 100 vya kuvunjika na vya kupima. Kwa vigae 1,100:

- saruji mifuko 12 ya kilo 50
- mchanga tani 1.7
- katani kavu kilo 11
- waya laini wa kufungia, wenye zinki, usio na kutu

Saruji ya daraja la nguvu 42.5 ni bora kuliko 32.5 kwa kazi hii, kwa kuwa kigae lazima kitoke kwenye kalibu kesho yake. Ikumbukwe pia kwamba saruji inayofika Kigoma imesafiri mbali na pengine imelala stoo msimu mzima wa mvua. Ingiza mkono kwenye mfuko. Mabonge yanayosagika kwa vidole si neno. Yasiyosagika yanamaanisha mfuko huo ni wa kujengea msingi wa choo. Usiulete kwenye vigae.

Mchanga ndio unaoamua kama paa litavuja

Mchanga wa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hauna chumvi ya kutisha kama wa baharini, ila una kasoro nyingine: chembe zake nyingi zinalingana. Chembe zinazolingana zinaacha matundu katikati, na matundu hayo ndiyo njia ya maji. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto, kwa hiyo usijichotee tu. Nunua kwa mwenye kibali. Unachotaka ni mchanga wenye chembe za kila ukubwa, kuanzia vumbi la mchanga hadi punje ya milimita 4. Chochote kilichozidi hapo kinabaki kwenye chekecheo.

Kupata mchanganyo mzuri hakuhitaji maabara. Chukua kopo la lita moja, lijaze mchanga mkavu, ligonge chini mara kumi, ongeza mchanga, sawazisha. Kisha mimina maji polepole kwa kikombe cha kupimia mpaka yafike juu. Andika yameingia kiasi gani. Rudia kwa mchanga wa pili, halafu kwa nusu ya huu na nusu ya ule, halafu kwa robo tatu na robo. Mchanganyo uliokunywa maji machache kuliko yote ndio wenye matundu machache, na ndio wa kufanyia kazi. Mara nyingi mchanga mnene wa mtoni ukichanganywa na mwembamba unashinda kila mmoja peke yake.

Tope nalo lipime. Weka mchanga kwenye chupa angavu hadi sentimita 10, jaza maji, tia kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, acha saa tatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi milimita 5, osha mchanga huo au utafute mwingine. Tope linazunguka chembe kama nguo na kuzuia saruji isishike.

Katani

Uzio wa mkonge unaonekana mashambani Kigoma hata Tabora, na jani la chini lililokomaa ndilo lenye uzi mgumu. Uzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, kwa hiyo kilo 11 za katani ni karibu kilo 280 za majani. Laza jani juu ya ubao, kandamiza kisu butu kwa mkono mmoja, vuta jani kwa mwingine. Nyama inabaki nyuma, uzi unatoka mweupe. Vaa glavu, kwani utomvu wake unawasha vibaya. Osha nyuzi siku hiyo hiyo, maji mara tatu, mpaka yatoke safi. Usilaze hadi kesho: sukari iliyomo kwenye utomvu inachelewesha saruji kushika. Kausha kivulini.

Ukinunua kamba dukani, choma ncha kwanza. Katani inaungua kama karatasi na kuacha majivu. Ikiyeyuka na kudondosha tone jeusi, hiyo ni plastiki.

Kata nyuzi ziwe na urefu wa milimita 10 hadi 15, kwa panga kali juu ya gogo. Hapa watu hukosea kwa kudhani uzi mrefu ni nguvu zaidi. Ukizidi sentimita mbili na nusu, nyuzi zinajisokota na kufanya viota ndani ya mchanganyiko. Kila kiota ni tundu, na kila tundu ni tone la maji kitandani. Baada ya kukata, zifumue kwa vidole mpaka ziwe kama sufi.

Na nyuzi za michikichi je?

Swali hili Kigoma haliepukiki, na kwa haki. Makapi yanayobaki baada ya kukamua mawese yana nyuzi, lakini ni fupi na zimejaa mafuta, na mafuta na saruji havipatani. Yaache yakawashe jiko. Mkungu mtupu, ule uliokwisha kupukutishwa chikichi, una nyuzi ndefu na ngumu zaidi. Upasue, uloweke wiki moja hadi mbili, uupigepige, kisha chemsha nyuzi kwa maji ya majivu saa nzima na suuza mpaka povu likatike.

Usiziamini kwa macho. Fanya mtihani wa vikombe viwili. Kimoja tia saruji na maji peke yake. Cha pili saruji ileile, maji yaleyale, na gramu chache za nyuzi. Funika. Kesho yake chokoa vyote viwili kwa msumari. Kama cha kwanza kimekuwa jiwe na cha pili kinachimbika, nyuzi bado zina mafuta au sukari. Chemsha tena. Mtihani huu unafaa hata kwa katani ambayo huna hakika ilioshwaje.

Meza na kalibu

Meza ya kutetemeshea ni bamba la chuma lililokalia vipande vinne vya mpira wa tairi, chini yake mota ndogo ya volti 12 yenye uzito uliofungwa upande mmoja wa mhimili. Betri ya sola inatosha kuiendesha. Juu ya bamba kuna fremu yenye bawaba, ndani yake sentimita 50 kwa 25 na kina milimita 8 kamili. Kona moja ya fremu hukatwa, ili pale vigae vinne vinapokutana paani visirundikane.

Kalibu ndizo ghali, kwa kuwa kila kigae kinalala juu ya kalibu yake saa 24. Ukiwa na kalibu 50 unatoa vigae 50 kwa siku, basi, na paa letu linachukua siku 22. Zipo za plastiki zinazouzwa pamoja na meza. Ukitaka za zege, zitoe zote kwenye kigae kimoja kizuri: kilaze, kifunike nailoni laini isiyo na kunyanzi, mimina mchanganyiko mnene wa saruji moja kwa mchanga tatu, unene wa sentimita 3, weka wavu wa waya katikati, umwagilie siku saba. Usichonge kalibu kwa kukadiria. Wimbi likitofautiana milimita tatu kati ya kalibu na kalibu, vigae havitalaliana, na huko juu hakuna dawa.

Kuchanganya

Pima kwa mizani, si kwa chepe. Kwa mara moja: saruji kilo 5, mchanga mkavu kilo 15, katani gramu 100, maji lita 2.5 hadi 3. Hiyo inatoa vigae tisa au kumi. Inaonekana kidogo, lakini mchanganyiko huu unatakiwa uishe ndani ya dakika 40, na kuurudishia maji ukishaanza kukaza ni kuua saruji.

Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Nyunyiza katani kavu kwa kuipepeta kidogo kidogo huku mwenzako akigeuza. Ukiitupa rundo, itabaki rundo. Kisha maji: kwanza lita 2.5, mengine kwa kikombe. Utajua yametosha mezani: mchanganyiko ukitetemeshwa nusu dakika uso wake unang'aa na kujisawazisha. Usipong'aa, umekauka mno, na kigae kitakuwa na matundu. Maji yakisimama juu, umezidisha, na utaona nyufa kesho.

Kumimina

Tandika nailoni ngumu juu ya bamba, funga fremu. Weka kiasi kilekile cha mchanganyiko kila mara. Tengeneza kopo maalumu la kupimia. Washa mota, tandaza kwa mwiko kuelekea kona, tetemesha sekunde 30 hadi 45. Kabla ya kuzima, mimina pua ya kigae kwenye ukingo wa juu, yaani kile kibonge kinachoning'inia kwenye papi, na zamisha ndani yake kitanzi cha waya, miguu yake ikiwa imekunjwa ili usichomoke. Pua ikimiminwa baada ya meza kuzimwa haishikani na mwili. Itang'oka mkononi mwa fundi wa paa.

Sasa sehemu inayotaka mkono mtulivu. Inua fremu. Shika kingo mbili za nailoni, mwenzako ashike kalibu ikiwa imesogezwa usawa wa meza, uvute nailoni pamoja na kigae bila kusita na bila kukurupuka, kigae kilale juu ya wimbi chenyewe. Alama iliyochorwa kwenye kalibu na ukingo wa nailoni vikutane. Kikilala upande, kitakuwa kimepinda maisha yake yote. Kisha inama utazame kilele cha wimbi kwa mwanga wa pembeni. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, usiupake saruji juu. Kwangua kigae chote, rudisha mezani, fyatua upya. Nyufa zikijirudia kilele hicho hicho, sababu huwa moja ya tatu: maji mengi, katani chache, au mlichelewa kati ya kuzima mota na kuvuta.

Panga kalibu zikibebana, kwenye sakafu iliyopimwa kwa pima maji, funika rundo lote kwa nailoni na uzibe pembeni kwa mchanga. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo mkavu unaweza kuharibu kazi ya siku nzima kwa saa mbili, kwa hiyo fyatua chini ya kivuli chenye ukuta upande wa upepo. Kasulu kwenye baridi ya Juni na Julai saruji inashika polepole. Ngoja saa 36.

Kuiva majini

Kesho yake toa kigae kwenye kalibu, kibandue nailoni taratibu kuanzia kona. Kiko kigumu lakini bado ni kichanga. Kinabebwa kimesimama, hakibebwi kimelala. Kipeleke majini siku saba. Si kunyunyizia asubuhi na jioni. Ni kuzama. Kwa vigae 50 kwa siku, shimo la mita 3 kwa 1.2, kina sentimita 60, lililotandikwa turubai zito, linatosha. Maji yake yatageuka ya chokaa. Usiyamwage kila siku, chokaa hiyo inasaidia. Vaa glavu, maana yanachubua.

Hapa ndipo wengi wanapokata kona, kwa kuwa kigae cha siku ya pili kinaonekana kimekwisha kuwa kigae. Kilichokauka mapema kinabaki na matundu yasiyoziba, na hata ukikirudisha majini baadaye hakipati tena nguvu yake yote. Baada ya siku saba, visimamishe kivulini hadi vitimize siku 28 tangu kufyatuliwa, ndipo vipandishwe paani. Unga mweupe utakaojitokeza juu yake ni chokaa tu, hauna madhara.

Kupima kabla ya kupanda

Kila kigae kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kwa mlio mkali. Kilichopasuka ndani kinajibu kama chungu kibovu. Kisha katika kila vigae 200 chukua kimoja kifanyie mambo mawili. La kwanza: kizungushie ukingo wa udongo, jaza maji kwenye bonde lake, acha siku nzima. Chini kikilowa tu, sawa. Tone likining'inia, rudi kwenye mchanga wako. La pili: kilichoshinda majini siku nzima kilaze juu ya vipande viwili vya ubao vilivyoachana sentimita 35, uweke mzigo wa kilo 50 katikati kupitia ubao mwembamba. Cha milimita 8 lazima kiubebe. Kikivunjika, pima vingine vitano vya siku hiyo, na vikivunjika navyo, rundo lile lote ni la kujazia njia.

Kupaua

Paa hili lina kilo 29 kwa mita ya mraba, wakati bati halifiki hata nne. Kenchi za bati hazitoshi. Mwambie fundi mapema, kabla mbao hazijanunuliwa. Boriti za mteremko ziwe umbali usiozidi mita moja, papi ziwe za inchi 2 kwa 2 zilizopasuliwa kwa msumeno. Fito za miti hazifai hata zikiwa imara, kwa sababu kigae hakipindi kufuata fito: kinakaa juu ya nundu mbili na kuvunjika katikati. Mteremko: kila mita moja ya mlalo panda sentimita 50. Chini ya hapo upepo unasukuma maji kinyumenyume kupita malaliano.

Vuta uzi kutoka pembe hadi pembe kabla ya kupigilia papi. Umbali kati ya papi na papi ni sentimita 40 kamili. Kata kijiti cha kipimo ukitumie paa zima, usipime kwa futi kila mara. Anzia chini, kona iliyo upande wa pili wa unakotokea upepo wa mvua, ili malaliano ya ubavu yaupe upepo mgongo. Panga safu mbili za kwanza bila kufunga, simama chini utazame. Kama mawimbi hayanyooki, sogeza sasa. Kisha funga kila kitanzi cha waya kwenye papi. Wapo wanaofunga kimoja katika vitatu. Ufukweni, ambako upepo huja na nguvu zake zote, funga vyote.

Hakuna kukanyaga kigae. Fundi anakaa juu ya papi akipanda na safu, na akilazimika kurudi, anatumia ubao mrefu wenye magunia chini. Kofia za juu zimiminwe kwa mchanganyiko uleule kwenye kalibu ya pembe, zikalazwe juu ya saruji kidogo upande wa chini tu, nafasi ya hewa ikiachwa katikati.

Ukikuta jengo la zamani lenye mabamba ya saruji ya kijivu yaliyopauliwa miaka mingi iliyopita, usiyavunje wala kuyasaga ili uchanganye kwenye vigae vyako. Huenda yana asbesto, na vumbi lake linaua mapafu.

Mwenye pumba za mpunga, kama walioko bonde la Luiche, anaweza kupunguza saruji kidogo: kilo 4 za saruji kwa kilo 1 ya majivu ya pumba yaliyosagwa laini. Majivu yawe ya kijivu au meupe. Meusi yana mkaa. Yanapunguza ule ukali unaokula katani, ila yanakunywa maji zaidi na yanachelewesha ugumu, kwa hiyo kigae kikae kwenye kalibu saa 48, na majaribio ya mzigo yaanze na vigae 20 kabla ya kubadili kazi yote.